Uzi: Picha za watu wa Nairobi, lini tubaki na rangi na lini twende nyeusi na nyeupe?

#1 KameraMakadara

Wadau, salaam.

Kuna mtindo umeota mizizi hapa jijini na naomba tuuzungumze waziwazi. Mpiga picha anaingia Gikomba, Mukuru au Korogocho, anapiga watu wakiwa kazini, akifika nyumbani anazigeuza picha zote kuwa nyeusi na nyeupe halafu anaziita makala. Huyohuyo akiitwa harusi Karen au kazi ya mitindo Westlands, rangi zinabaki, tena anazikoleza. Nani aliamua kwamba mwenye kipato kidogo hana rangi?

Sisemi nyeusi na nyeupe ni mbaya. Naipenda, naifanyia kazi, na nitaitetea humuhumu. Ninachosema ni hiki: unapopiga picha ya mtu ili kuonyesha maisha yake yalivyo, rangi ni sehemu ya ushahidi. Ukiiondoa umeondoa kitu, na kitu hicho unapaswa kuweza kukitaja mbele ya mwenye sura.

Chukueni mama muuza mitumba Gikomba. Robota limefunguliwa alfajiri, na kufikia saa tatu ameshapanga kila kitu. Nguo za kamera, yaani zile za daraja la kwanza, zimetundikwa mbele: blauzi za waridi, zikifuatwa na nyekundu, kisha za rangi ya machungwa, mpaka zile za kijani karibu na nguzo. Fagia, zile za daraja la mwisho, iko chini kwenye gunia. Mpangilio ule ndio biashara yenyewe. Mteja anayepita kwenye kile kichochoro, macho yako kwenye matope, anaiona rangi kabla hajaiona nguo, ndipo anasimama. Na yeye mama kajifunga leso juu ya sweta, na kitambaa cha kichwa kimechaguliwa kiendane na leso.

Sasa igeuze picha hiyo. Waridi na kijani vyenye mwanga wa kiasi kimoja vinakuwa kijivu kimoja. Ufundi wake umefutika. Kilichobaki ni mwanamke amesimama mbele ya rundo la matambara, na anayeitazama picha anamwonea huruma. Huruma hiyo haikutoka Gikomba. Imetiwa na mpiga picha mezani kwake.

Halafu vukeni mwende Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Mzee anakunja bati la sanduku la shule, amezungukwa na masizi, chuma na moshi. Karibu kila kitu pale tayari ni kijivu na kahawia. Chenye rangi ni beseni jekundu la jirani na kibanda cha M-Pesa nyuma ya bega lake, na hivyo viwili havimhusu. Hapo nyeusi na nyeupe inamrudishia picha yake: mng'ao wa bati, mishipa ya mkono, jasho kwenye paji la uso. Sijamnyang'anya chochote kilicho chake. (Masanduku yakishapakwa rangi na kupangwa kando ya barabara, mambo yanabadilika, kwa sababu ile buluu na ile nyekundu ameichagua yeye.)

Nyinyi mnaamuaje?

#2 DadaLenzi

Kaka, uzi mzuri, lakini umeirahisisha hoja ya upande wetu. Si kila anayegeuza picha anatafuta huruma.

Nairobi inapiga kelele kwa rangi. Simamisha mtu popote kati ya Tom Mboya na River Road: nyuma yake kuna matatu iliyochorwa kuanzia bampa mpaka paa, bango la mkopo wa simu, kijani cha M-Pesa, mwavuli wa kampuni ya soda. Jicho la binadamu linakimbilia rangi kali zaidi katika fremu, na mara nyingi rangi hiyo imelipiwa na kampuni fulani. Uso wa mtu unashindana na tangazo, na unashindwa. Mimi nikiondoa rangi, nimeliondoa tangazo. Mtu anabaki na macho yake, makunyanzi yake, namna anavyoshikilia mabega. Hilo kwangu ni kumheshimu.

Pili, mwanga. Wewe unaijua Gikomba vizuri. Juu kuna turubai la buluu, pembeni jua limepenya kwenye tundu la bati, ndani kuna taa ya LED ya rangi ya barafu. Ngozi ya kahawia chini ya turubai la buluu inageuka zambarau iliyofifia, kama mtu mgonjwa. Ukirekebisha weupe wa kamera (namna inavyosoma rangi nyeupe) ili shavu la kushoto likae sawa, la kulia linakuwa chungwa. Je, picha inayomfanya mwenye afya aonekane mgonjwa ndiyo hali halisi? Mimi naona hapo rangi ndiyo inayodanganya.

#3 KameraMakadara

Dada, la tangazo nakubali moja kwa moja. Rangi ambayo si ya mtu na si ya mahali pake, inayoiba macho, ni sababu halali. Ila kabla hujaiondoa kwenye kompyuta, sogea. Hatua mbili kushoto na bango linaisha nyuma ya kichwa chake. Ukuta wa mabati yaliyopata kutu uko kila kona ya jiji hili, na ni mandhari nzuri kuliko yote kwa ngozi zetu.

La turubai lina njia. Mlete mtu ukingoni mwa kibanda, uso ukitazama nje, mgongo ukiwa ndani. Mwanga wa anga uliofunguka unatawala uso, buluu inabaki mabegani. Kama hawezi kutoka kwa sababu ya wateja, shika karatasi nyeupe palepale alipo, ipige, uitumie kupanga weupe wa kamera. Mwanga ukiwa wa chanzo kimoja, hilo linatosha. Vikiwa vyanzo viwili vya rangi tofauti vinakutana puani, hapo uko sahihi, hakuna dawa nzuri, na mimi mwenyewe nageuza.

Lakini tuwe waangalifu na jua la mchana. Nairobi iko digrii moja na ushee tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa tatu na wa tisa, saa sita mchana jua liko utosini kabisa, na matundu ya macho yanakuwa mashimo meusi. Watu wengi wanadhani nyeusi na nyeupe itaokoa picha ya namna hiyo. Haiokoi. Mashimo yanabaki mashimo, tena yanazidi kwa sababu hakuna rangi ya kulainisha. Dawa ni kivuli, au kusubiri. Na jioni usichelewe: jua letu huzama wima, ule mwanga wa dhahabu haukai. Saa kumi na mbili na nusu umeshaisha.

Msimu wa kufanya kazi ya rangi ni Juni hadi Agosti. Wingu zito asubuhi nzima, baridi, watu wamevaa masweta na makoti ya kila rangi, na mwanga ni laini kiasi kwamba ngozi nyeusi inaonyesha vivuli vyake vyote vya kahawia, shaba na zambarau ya mbali. Watu wa studio wanalipa pesa kupata mwanga kama huo.

#4 MzeeWaChumbaChaGiza

Vijana wangu, hamjambo. Mmegusa ngozi, nami nimechapa picha kwenye maji ya dawa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, basi nisikilizeni kidogo.

Nyeusi na nyeupe haikuwahi kuwa "ukweli mtupu". Filamu za zamani kabisa hazikuona rangi nyekundu. Ngozi yetu ina wekundu mwingi ndani yake, kwa hiyo filamu hizo zilituchapa weusi kupita tulivyo, na midomo ikawa kama makaa. Zilipokuja filamu zinazoona rangi zote, mambo yakawa nafuu, na bado tuliweka filta mbele ya lenzi. Filta ya chungwa au nyekundu inang'arisha ngozi ya kahawia na kufifisha madoa, ya kijani inaitia giza na kutoa kila kinyweleo. Kila picha ya namna hiyo mnayoiona, kuna mtu aliamua ngozi iwe na kina gani.

Filamu ya rangi nayo ilikuja na dhambi yake. Maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Mashine ikishamfanya yeye apendeze, kazi imekwisha. Sisi tuliokaa karibu na shati jeupe tulibaki meno na macho. Filamu zilipoanza kuboreshwa ili zione kahawia vizuri, malalamiko ya watengenezaji wa samani na chokoleti yalichangia, maana bidhaa zao hazikutoka sawa. Ndiyo maana wengi wa rika langu walishikilia nyeusi na nyeupe: ndani ya chumba cha giza angalau ulikuwa na mamlaka juu ya uso wa mtu wako.

Leo mamlaka hayo yako kwenye kompyuta. Mkigeuza picha mnaona vitelezi vya rangi. Ngozi ya mwanadamu yeyote, awe mweupe au mweusi, imekaa kwenye chungwa na nyekundu. Naona mnavishusha viwili hivyo mpaka chini, ngozi inakuwa lami, macho yanatoka kama taa, halafu mnasema picha ina nguvu. Zanele Muholi wa Afrika Kusini anaikoleza ngozi hivyo, lakini ni ngozi yake mwenyewe, katika picha alizojipiga, na weusi ule ndiyo hoja yake. Kumfanyia hivyo mama muuza mboga ambaye hujamuuliza ni jambo lingine kabisa.

Na pimeni mwanga usoni. Kamera inataka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Mtu mweusi mbele ya mabati yanayong'aa atakuwa kivuli. Mtu huyohuyo akijaza fremu nzima, kamera inampandisha mpaka anakuwa wa majivu. Ukijaza fremu kwa uso mweusi sana, punguza mwanga kama stopu moja, yaani nusu. Hili ni la lazima kwa rangi na kwa nyeusi na nyeupe.

#5 KameraMakadara

Shikamoo mzee wangu. Ile ya majivu ndiyo naiona kila siku kwenye mabango ya jiji hili.

Niongeze la historia, kwa sababu kuna imani kwamba picha ya kweli ya maisha ya watu lazima iwe nyeusi na nyeupe kwa kuwa wakubwa waliotutangulia walifanya hivyo. Wengi wao hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Magazeti yalichapwa kwa wino mmoja, filamu ya rangi ilikuwa ghali na ilihitaji mwanga mwingi. Mpiga picha Mmarekani Dorothea Lange alipompiga yule mama mhamaji huko Nipomo, California, mapema mwaka 1936, filamu ya rangi ya Kodachrome ilikuwa haijatimiza mwaka sokoni, tena ilikuwa ya kamera za sinema tu. Miaka michache baadaye mradi wa serikali ya Marekani aliokuwa akiufanyia kazi ulipiga pia picha za rangi za wakulima na vibarua. Watu wachache wanazikumbuka, na wakiziona wanashtuka, kwa sababu umaskini ule ghafla unakuwa wa juzi.

Mshtuko huo ndio Gordon Parks, mpiga picha Mmarekani mweusi, aliutumia. Mwaka 1956 jarida la Life lilimpeleka Alabama kupiga maisha ya familia za Wamarekani weusi chini ya ubaguzi, naye akapiga kwa rangi. Kuna picha ya mwanamke na msichana mdogo nje ya duka mjini Mobile. Wamevaa wakapendeza, na juu yao kuna taa nyekundu ya neoni inayoonyesha mlango wa watu weusi. Ndani ya rangi huwezi kujificha ukisema hayo ni ya kale. Nguo ile ungeweza kuiona dukani wiki hiyo.

Hapa kwetu tunaye Mohamed Amin, mpiga picha wa habari aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943. Picha za njaa ya Ethiopia alizozichukua Korem, zilizorushwa na BBC Oktoba 1984, zilikuwa za rangi, na ulimwengu haukusema zina uzito mdogo kwa sababu hiyo. Na tunaye Priya Ramrakha, mpiga picha mwana wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1968 katika vita vya Biafra, Nigeria. Kazi zake nyingi zinazojulikana ni nyeusi na nyeupe, na ni nzuri mno, nyuso zimekaribiwa bila woga. Huyu ndiye ninayempa kijana yeyote anayeniambia nyeusi na nyeupe haina joto.

Kwa hiyo tukiiga, tuige uamuzi wao. Kuiga matokeo ya wino wa gazeti la miaka ya hamsini hakumsaidii mtu wa Kayole wa leo.

#6 FundiChapa

Mimi nachapa picha hapa katikati ya mji, na mambo haya nayaona kwa upande wa meza.

Mpiga picha mmoja aliniletea picha za wazee wa mtaa, kubwa, nyeusi na nyeupe, kazi safi. Wazee wawili wakaja naye kuchukua za kwao. Wa kwanza alifurahi. Wa pili aliishika, akaitazama kwa muda, akauliza, "Mbona mmenitoa gazetini kabla sijafa?" Mpiga picha alicheka, mzee hakucheka. Kwake picha ya uso ya namna hiyo ni tangazo la kifo. Familia zimeweka picha hizo magazetini miaka na miaka, kwa sababu nafasi ya rangi ni ghali zaidi. Mtu wa Nairobi wa umri ule ameziona maelfu, juu ya jina, tarehe na maneno ya kusikitika. Nilimchapia ya rangi, kwenye karatasi ileile. Koti lake lilikuwa la kijani cha chupa na lilikuwa limepigwa pasi. Akaondoka nayo.

Watu hawaingii kwenye picha zenu wakiwa kurasa tupu. Wana historia yao na picha.

Jambo la pili ni la ufundi. Mkitaka nyeusi na nyeupe, msinipe faili niichape kwenye mashine yoyote. Printa ya wino yenye rangi chache hutengeneza kijivu kwa kuchanganya rangi, na kijivu hicho hugeuka kijani kwenye taa moja na zambarau kwenye nyingine. Tafuteni mashine yenye wino wa kijivu wa viwango kadhaa. Tofauti iko kwenye ngozi, hasa pale shavu linapogeukia shingo.

La tatu, uhai wa picha. Fungueni albamu za nyumbani. Za babu na bibi, za studio, za miaka ya hamsini, bado ziko imara, labda zimegeuka manjano pembeni. Za rangi za miaka ya sabini zimekuwa nyekundu kama zimepikwa na udongo. Ile samawati ndani ya karatasi ndiyo hufifia kwanza hata picha ikikaa gizani kabatini. Madini ya fedha yaliyo kwenye chapa za zamani za nyeusi na nyeupe hayafi haraka hivyo. Wino bora wa leo ni imara zaidi, lakini anayechapa rangi kwa bei ya chini kabisa ajue anachonunua.

#7 KameraMakadara

Fundi, hilo la tangazo la kifo linapaswa kusomwa na kila anayepiga wazee. Na kuhusu kudumu: negativi na picha za Ramrakha zilikutwa gerejini hapa Nairobi miongo kadhaa baada ya kifo chake. Faili zetu zilizotawanyika kwenye simu na diski sijui nani atazikuta gerejini.

#8 MgeniWaLenzi

Samahani wakubwa, mimi bado najifunza. Nina mradi wa vinyozi wa Eastlands, kuanzia Jericho hadi Kayole. Nimeombwa picha kumi na mbili za kutundika. Nusu naziona nzuri kwa rangi, nusu kwa nyeusi na nyeupe. Naweza kuchanganya? Na je, niiweke kamera kwenye nyeusi na nyeupe tangu mwanzo au nigeuze baadaye?

#9 KameraMakadara

Karibu sana. Nianze na la pili, ni jepesi. Hifadhi faili ghafi (RAW), halafu iweke kamera ionyeshe nyeusi na nyeupe kwenye kioo ukitaka. Faili ghafi inabeba rangi zote hata kama kioo hakizionyeshi. Ukihifadhi JPEG peke yake ya nyeusi na nyeupe, rangi zimekwenda na hazirudi. Faida ya kukitazama kioo bila rangi ni kwamba unaanza kuona umbo: mwanga unaingia upande gani, uso unaachana na ukuta au umezama ndani yake. Kijana mwenye ngozi ya kahawia mbele ya ukuta wa kijani anaachana nao vizuri kwa rangi. Bila rangi, uso na ukuta vinaweza kuwa kijivu kilekile na kichwa kikapotea. Anayejua mapema kwamba anakwenda nyeusi na nyeupe anamgeuza mtu kidogo apate mwanga wa ubavuni. Ndiyo maana nasisitiza kuamua kabla. Picha iliyopigwa kwa rangi na kugeuzwa kwa sababu imeshindwa, inajulikana.

Kuhusu vinyozi. Mimi nisingeondoa rangi hata moja. Fikiria duka la kinyozi wa mtaani lilivyo. Ukutani nje kuna kichwa kilichochorwa kwa mkono, na mwenye duka alimlipa mchoraji. Ndani kuna bango la mitindo ya nywele iliyopangwa kwa nambari, taa ya LED ya buluu au zambarau imezunguka kioo, vitambaa vya kufunika wateja, chupa ya spiriti, poda. Kila rangi mle ndani imenunuliwa kwa pesa ya mtu mmoja ili duka lake lipendwe kuliko la jirani. Ukiondoa rangi unabaki na mwanamume ameshika mashine. Huyo ungeweza kumpata mji wowote duniani.

Taa ile ya zambarau itakusumbua usoni. Mwombe aizime upande mmoja, au mpige mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, na taa ibaki nyuma yake kama alivyotaka ionekane.

Kuchanganya inawezekana kama mgawanyo una maana ambayo mtu ataigundua bila kuelezwa. Kwa mfano vinyozi walio kazini kwa rangi, na picha za zamani walizokupa wao wenyewe katika hali zilivyo. Lakini sita hivi na sita vile kwa sababu zilipendeza zaidi, ukutani itaonekana kama maonyesho ya watu wawili. Mpiga picha wa Brazili, Sebastião Salgado, alishikilia nyeusi na nyeupe katika miradi yake mikubwa, na hiyo ndiyo iliyoshona pamoja watu wa nchi nyingi zisizofanana. Kwenye mgodi wa dhahabu wa Serra Pelada, Brazili, mwaka 1986, tope lilikuwa limeshawapaka watu wote rangi moja, kwa hiyo alipoteza kidogo sana na akapata umbo la umati ule wa ajabu. Vinyozi wako hawana tope.

Na tafadhali usiache kitu kimoja chekundu kwenye picha ya kijivu.

#10 DadaLenzi

Kwa vinyozi nakubaliana. Ila kuna jambo nalipinga kabisa. Unafanya kana kwamba mwenye sura ndiye hakimu wa mwisho. Mwandishi hampi anayehojiwa kalamu aandike habari. Nina kazi ya wastaafu wa reli. Mzee mmoja alinipokea chumbani, mezani maua ya plastiki ya rangi tatu kali, ukutani kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, blanketi la waridi kitandani. Mimi nilikuja kwa mikono. Mikono ile ilifunga na kufungua mabehewa maisha yote, na vidole viwili havikunjiki tena. Kwa rangi, waridi la blanketi linaila mikono. Bila rangi, ngozi yake na kucha zake zinasimama. Nilimwonyesha zote mbili, akapenda ya blanketi kwa sababu ni zawadi ya bintiye. Nilimpa hiyo awe nayo. Inayotundikwa ni ile ya mikono, na naisimamia.

#11 KameraMakadara

Na umeweza kuitaja sababu, ndiyo niliyoomba tangu mwanzo. Bado mimi ningeitundika ya blanketi. Zawadi ya binti, juu ya kitanda cha mzee aliyestaafu, inaniambia nini kilitoka kwenye mikono ile. Na kalenda ingebaki pia, inasema mwaka. Hapa tutofautiane, dada. Mtazamaji akizipata zote mbili atafaidika.

#12 Mtaarifu

Naandika kutoka upande wa mashirika. Mteja mmoja aliniambia nipeleke picha za watoto wa mtaa zikiwa nyeusi na nyeupe kwa ripoti ya wafadhili, "ziguse moyo". Watoto walikuwa wanacheza, sare zao ni za manjano na bluu. Nifanyeje siku nyingine?

#13 KameraMakadara

Kataa, ndugu yangu, na ukatae kwa maandishi. Mtoto aliyevaa sare ya manjano ana shule. Ukiondoa manjano umemwondolea shule, na mfadhili ataamini hana. Huo ni uongo hata kama hukubadilisha kitu kingine chochote kwenye picha.

Pia waulize idhini iko wapi. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, sura ya mtu inayomtambulisha ni taarifa yake binafsi, na ya mtoto inahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Ridhaa iseme picha itatumika wapi. Mimi naongeza mstari wa kusema itaonekana kwa namna gani, na pale simu ilipo namwonyesha mzazi picha zote mbili, ya rangi na isiyo na rangi, palepale. Haichukui muda. Wengine wanachagua isiyo na rangi, na wana sababu zao nzuri. Mama mmoja wa Kariobangi alichagua hiyo kwa sababu, kwa maneno yake, ndiyo iliyofanana na ya mama yake ya studio, na alitaka zikae ukuta mmoja.

#14 MzeeWaChumbaChaGiza

Huyo mama ameelewa picha kuliko wengi wetu. DadaLenzi, leta ile ya mikono na ile ya blanketi. Ningependa kuziona zikiwa na ukubwa mmoja, kando kwa kando.

#15 FundiChapa

Nitazichapa mimi. Dada, nitumie faili kamili, TIFF za biti 16, usizinoe (usiziongezee ukali), na ile isiyo na rangi usishushe kitelezi cha chungwa kabla sijaona ngozi kwenye karatasi. Mashine ya wino wa kijivu iko huru kuanzia Alhamisi. MgeniWaLenzi, njoo na kinyozi mmoja siku hiyohiyo, tujaribu ile zambarau ya LED, maana karatasi ya kung'aa na karatasi butu zinaipokea tofauti sana.

#16 MgeniWaLenzi

Nitakuja, nitaleta wawili. Yule wa Jericho amesema kama picha inachapwa lazima kwanza apake ukuta upya, kwa hiyo naomba iwe Ijumaa.